Mashine ya viazi na watu wasio kwenye daftari

Mimi ni mhasibu wa migahawa hapa Dar es Salaam. Ofisi yangu ni meza ya pembeni karibu na kaunta, leo Sinza, kesho Kijitonyama, mwisho wa mwezi Kariakoo, popote tajiri anapotaka hesabu zifungwe. Naandaa mishahara, napeleka michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalinganisha risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mauzo ya siku. Mambo ya jikoni hunifikia yakiwa tarakimu kabla sijayaona kwa macho, na tangu mwaka uanze kila tajiri ninayemfanyia kazi ananiuliza swali moja: mashine itamwokolea shilingi ngapi?

Sababu wanayoitaja ni mishahara. Tarehe 1 Januari 2026 amri mpya ya kima cha chini kwa sekta binafsi ilianza kutumika. Serikali ilitangaza kwamba kwa wastani kima hicho kimepanda kwa asilimia 33.4, na ndani ya amri hiyo kila sekta ina kiwango chake. Niseme msimamo wangu mapema: nyongeza hii ni haki. Mhudumu anayesimama kuanzia supu ya asubuhi hadi chipsi za usiku, aliyepanga chumba Manzese na ana mtoto shuleni, hajapewa zawadi. Amepewa chake, tena kwa kuchelewa.

Lakini hesabu nayo ni hesabu. Chukua mgahawa mmoja wa Sinza ninaoujua vizuri. Daftari la mishahara lina watu tisa. Tufanye kila mmoja alikuwa anapata 250,000. Hiyo ni 2,250,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida mwajiri anatoa nusu na mfanyakazi nusu, kwa hiyo tajiri anaongeza 225,000. Jumla 2,475,000. Sasa wapandishe wote kwa ile asilimia 33.4. Sheria haimlazimishi kumwongezea aliyekwisha kuvuka kiwango, ila ukimpandisha mhudumu, mpishi wa pilau atakuuliza yeye amekosa nini. Mshahara unakuwa 333,500, wa watu tisa ni 3,001,500, na NSSF ikiingia unafika 3,301,650. Tofauti ni 826,650 kila mwezi. Sahani ya wali nyama pale ni 4,000, na ukishatoa mchele, nyama, mafuta, gesi, pango na umeme, inabaki kama 800. Ili afidie ile tofauti lazima auze sahani elfu moja na zaidi za nyongeza kwa mwezi, karibu 40 kila siku ya kazi, kwenye mtaa ule ule wenye mama lishe wake na vibanda vya chipsi kila kona. Akipandisha bei iwe 4,500, mafundi wa gereji ya jirani wanavuka barabara wakale kwingine.

Hapo ndipo video zinapoanza kuzunguka kwenye simu. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, aliyeanza na chuma kimoja cha chapati kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kutembea jijini. Siku moja alinionyesha kwenye WhatsApp mkono wa chuma unakaanga chipsi huko Marekani. "Mwanangu, hiki kinauzwa shilingi ngapi?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Nikamwambia, "Mama, nipe muda nikutafutie."

Nikatafuta. Marekani kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa na hakijasogea tangu Julai 2009, ila majimbo na miji hujiwekea viwango vyao. Novemba 2012 wafanyakazi wa migahawa ya chakula cha haraka New York waligoma wakidai dola 15 kwa saa, na madai hayo yakasambaa nchi nzima. Mwaka 2016 Ed Rensi, aliyewahi kuiongoza McDonald's nchini humo, alisema kwenye televisheni kwamba mkono wa roboti wa dola 35,000 ni nafuu kuliko kumlipa mtu dola 15 kwa saa afunge chipsi. Tarehe 1 Aprili 2024 California ikapanda zaidi: dola 20 kwa saa kwa wafanyakazi wa kampuni za chakula cha haraka zenye matawi 60 au zaidi nchini. Kama ajira zilipotea kwa sababu hiyo, na ni ngapi, wachumi wanabishana hadi leo. Lililo wazi ni kwamba skrini za mteja kujiagizia zimejaa kwenye kaunta, migahawa ya Chipotle imejaribu mashine ya kukata na kumenya maparachichi, na Sweetgreen ilifungua Naperville, Illinois, mwaka 2023, mgahawa ambao mitambo ndiyo inayopanga saladi kwenye bakuli.

Sasa ipige hesabu ya Rensi kwa dola 20. Dola 35,000 gawa kwa 20 ni saa 1,750. Mtu wa kazi ya kutwa huko anafanya saa kama 2,080 kwa mwaka, kwa hiyo mkono umejilipa kabla mwaka haujaisha. Ulete Dar. Kwa dola ya shilingi 2,500, mkono huo ni 87,500,000. Mfanyakazi wa mshahara mpya, pamoja na NSSF, anamgharimu tajiri 366,850 kwa mwezi. Gawa. Ni miezi 238, karibu miaka ishirini, na bado hujalipa ushuru bandarini wala hujampata fundi wa kuutengeneza. Nilipompelekea mama majibu, aliyatazama kwa muda, akasema, "Basi hao wana shida yao na sisi tuna yetu."

Alisema kweli. Ukienda Japani utaona shida yao ni watu. Mwaka 1958 huko Higashi-Osaka, Yoshiaki Shiraishi, mwenye mgahawa wa sushi aliyekuwa hapati wahudumu wa kutosha, aliweka sahani kwenye mkanda unaozunguka mbele ya wateja, wazo alilolipata kwa kutazama chupa za bia zikipita kiwandani. Leo migahawa ya Skylark ina maelfu ya roboti zenye sura ya paka zinazopeleka chakula mezani, katika nchi ambayo karibu watu watatu kati ya kila kumi wamevuka miaka 65. Sisi sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7, Dar es Salaam peke yake 5,383,728, na karibu nusu ya nchi ni watoto wasiofika miaka 18. Bandika tangazo la mhudumu Mwenge asubuhi uone foleni ya mchana. Hapa mtu wa kazi hajawahi kukosekana.

Kuna jambo jingine nililolipata huko, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Machi 2018 mgahawa mmoja wa Pasadena, California, uliweka roboti wa kugeuza nyama za baga aliyeitwa Flippy. Baada ya siku moja tu akasimamishwa kwa muda, kwa sababu wateja walifurika na wafanyakazi waliokuwa wakimpangia nyama walikuwa hawajazoea kwenda na mwendo wake. Zamani zaidi, mwaka 1902, Horn & Hardart walifungua Philadelphia mgahawa usio na wahudumu kabisa. Ukuta mzima ni vidirisha vya kioo. Unatumbukiza sarafu ya senti tano, unafungua kidirisha, unatoa pai yako. Watu waliushangaa, ukaenea hadi New York, na wa mwisho haukufungwa hadi 1991. Lakini nyuma ya ukuta ule kulikuwa na watu siku nzima, wakijaza kila kidirisha kilichoachwa wazi. Mteja hakuwaona tu.

Jikoni kwetu nako kuna watu wa nyuma ya ukuta, na ukuta wenyewe ni daftari ninaloliandika mimi.

Watu tisa. Kwa nini tisa? Kwa sababu tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Zamani ilianzia kwa wanne, mwaka 2021 ikasogezwa hadi kumi, na mwaka 2023 kiwango chake kikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Nia ilikuwa njema, mwenye biashara ndogo apumue. Lakini tisa ikageuka kuwa namba ya watu kujificha. Akiandikwa wa kumi, tozo inapigwa kwenye mishahara ya wote kumi, na kwa mgahawa kama huu hiyo ni laki moja na kitu kila mwezi kwa ajili ya jina moja. Nimeona majiko ya watu kumi na nne yenye daftari la watu tisa. Watano waliobaki ni vibarua: wa viazi, wa vitunguu, wa nazi, wa vyombo, wa chapati za alfajiri. Wanalipwa jioni mkononi. Kwenye hesabu ninazoletewa wamo katika safu ya gharama za jikoni, pamoja na mkaa, sabuni na vifungashio.

Amri ya mishahara haikuwasahau. Inataja kiwango cha saa, cha siku, cha wiki, cha wiki mbili na cha mwezi, kwa hiyo hata anayefanya kazi ya siku moja ana kima chake. Lakini asiyeandikwa atadai kwa karatasi gani?

Mishahara inapopanda na tajiri akatafuta pa kubana, hambani aliyeandikwa. Huyo ana mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi, inataka ashirikishwe kabla ya kupunguzwa, inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia hadi miaka kumi, na ukimwonea mtakutana CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Kibarua anaambiwa jioni, "Kesho usije." Basi mshahara wa mhudumu umepanda mbele, na anayetoka kwa mlango wa nyuma ni mmenya viazi, ambaye nyongeza yenyewe hakuionja. Wanaopiga kelele kwamba kima cha chini kinaua ajira, na wanaowajibu kwamba hakiui, wote wanahesabu waliomo kwenye daftari.

Mama aliachana na mkono wa chuma, akaenda Kariakoo akarudi na mashine ya kumenya viazi. Alinunua milioni moja na nusu. Ni pipa la chuma, ndani kuta zake zina kokoto ngumu kama msasa, chini kuna sahani inayozungushwa na mota. Unamwaga viazi kwa ndoo, unafungulia maji, dakika chache vinatoka vyeupe. Mota inalia kiasi kwamba mhudumu akiingia kuagiza lazima apaze sauti. Viazi vya Njombe vilivyo laini usoni inavimenya vizuri sana. Vile vyenye macho ya kina inavila. Ukitaka macho yote yatoke kiazi kinarudi kidogo kuliko kilivyoingia, kwa hiyo bado anatakiwa mtu mwenye kisu. Na maganda hayatoki kama maganda. Yanatoka uji mweusi unaokwenda na maji.

Hilo la maganda mimi nisingelijua. Nililijua kwa mama aliyekuwa akimenya. Walikuwa wawili pale, wakikaa kwenye vigoda uani tangu saa kumi na mbili asubuhi, gunia katikati. Mkubwa wao ni wa umri wa mama yangu, anatoka Tandale. Kila mmoja alipata 7,000 kwa siku na sahani ya chakula. Maganda walikuwa wakimuuzia mfugaji wa ng'ombe anayepita na toroli, na hela hiyo hawakuigusa. Ilikwenda moja kwa moja kwa kijumbe, mkusanyaji wa mchezo wao wa kupeana fedha kwa zamu. Mashine ilipofika, mdogo akabaki: anajaza pipa, anachimba macho, anakata chipsi. Mkubwa akaambiwa apumzike kwanza.

Nilimkuta siku anakuja kuchukua kisu chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeiona ile?" Akainyooshea kidole mashine. "Inamenya kweli, siisingizii. Ila ng'ombe wa yule baba watakula nini?"

Alicheka aliposema hivyo, nami sikuweza kucheka. Alikuwa amebakiza mizunguko michache kabla zamu yake ya mchezo haijafika.

Aliyebaki sasa anafanya kazi ya wawili na analipwa 7,000 ile ile. Tajiri anaokoa 182,000 kwa mwezi, kwa hiyo mashine itajilipa kwa miezi minane na kitu. Mbele ya lile pengo la 826,650 ni kidogo, na simwiti mama katili. Namwona anavyokaa na kikokotoo usiku. Lakini tuseme ukweli kuhusu mgawanyo. Kazi imekuwa rahisi, faida yote imekwenda upande mmoja. Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote: umeme ukikatika, yule mama wa Tandale anapigiwa simu aje haraka na kisu chake. Anakuja, anamenya, umeme ukirudi analipwa nusu siku. Amekuwa akiba ya mashine.

Nilimwambia tajiri amwandike yule aliyebaki, awe wa kumi, apate NSSF, apate likizo, kwa kuwa sasa anaendesha mtambo na kazi yake inajulikana. Akanijibu, "Mwanangu, huyo mmoja atanigharimu kama wawili." Kwa tozo ilivyo, hakukosea. Ndiyo maana naamini SDL ingepigwa kuanzia mshahara wa mtu wa kumi tu, tisa wa kwanza wakaachwa, majina mengi sana yangeingia kwenye madaftari ya jiji hili. Serikali ingepata kidogo kwa kila mgahawa, lakini ingepata kwa migahawa ambayo leo haitoi hata senti. Na NSSF ingewapata watu ambao leo hawapo popote.

Mimi sina ugomvi na mashine. Mashine ya kukuna nazi imefika kwenye masoko yetu zamani, na sijamsikia mwanamke yeyote anayelilia kukaa juu ya mbuzi na mikono imejaa mikwaruzo. Tazama jinsi ilivyoingia, lakini. Haikununuliwa na kila mgahawa ikawekwa uani. Kijana mmoja anayo pale sokoni, unampelekea nazi zako, anakukunia kwa bei ya nazi moja moja, mgahawa, mama lishe na mama wa nyumbani wote wanakwenda kwake. Mashine moja inahudumia majiko mengi na mwenyewe ni mtu wa soko. Kwa nini viazi visiende njia hiyo? Banda la chipsi haliwezi kununua mashine ya milioni moja na nusu. Linaweza kununua ndoo ya viazi vilivyomenywa na kukatwa, vilivyo kwenye maji safi, saa nne asubuhi kabla wateja hawajaanza.

Hilo ndilo ninalolishughulikia sasa na yule mama wa Tandale, pamoja na wanawake wengine wa mchezo wao, wawili kati yao nao waliwahi kumenya kwenye migahawa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na baadaye ikarudishwa. Kikundi kinaandikishwa, mimi naandika andiko. Nimeweka mashine, meza ya kukatia, ndoo zenye mifuniko, na jenereta ndogo, kwa sababu hawa wanajua kuliko mtu yeyote umeme ukikatika nini kinatokea. Nimeweka pia daftari la malipo lenye jina la kila mmoja kuanzia siku ya kwanza. Uji wa maganda wameniambia wenyewe wauchuje kwa neti na kuukausha juani. Yule baba wa ng'ombe amekubali kuujaribu.

Kinachokosekana ni fremu ya kufanyia biashara. Inatakiwa iwe na maji ya bomba, luku yake yenyewe, na mwenye nyumba asiyedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukiwa na unayoijua karibu na soko la Tandale au Mabibo, niandikie wiki hii, maana andiko linataka anuani ya mahali pa kazi kabla halijapokelewa.